Kilo 20 Getini Marangu

Mzigo wa kwanza niliopandisha Mlima Kilimanjaro haukupimwa na mtu yeyote. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya 1980, nikiwa likizo ya sekondari. Baba mdogo wangu, aliyekuwa mpishi wa safari za watalii, alinipeleka alfajiri kwa kiongozi wake pale getini Marangu. Kiongozi alinitazama mabega, akanyanyua kiroba kwa mkono mmoja, akakitua, akasema, "Huyu ataweza." Ndani mlikuwa na viazi, kabichi, unga, mafuta ya kupikia na sufuria mbili zilizopakwa masizi. Nje wakanining'inizia galoni ya mafuta ya taa. Basi, nikawa mpagazi.

Kipimo cha siku zile kilikuwa aibu. Nani angethubutu kusema mzigo umemzidi, na nje ya geti wamesimama vijana wenzake wa Marangu, Mwika na Kilema, wote wana njaa ya kazi na wote tayari kuupokea mzigo uleule bila swali? Ulinyamaza, ukasokota kata kwa sweta kuukuu, ukainama, wenzako wawili wakakutwisha. Begi lako mwenyewe lenye blanketi na nguo za baridi lilikaa mgongoni. Hilo hakuna aliyelihesabu kuwa ni mzigo.

Wanaopanda mlima na kijibegi cha maji na kamera hudhani uzito unakaa kichwani. Unakaa shingoni na magotini. Msituni, kutoka getini hadi Mandara kwenye mita 2,700 hivi, njia ni tope na mizizi, na mwenye mzigo kichwani haoni anapokanyaga, anakisia kwa kidole gumba cha mguu. Ukifika Horombo, mita 3,720, shingo imekakamaa kiasi kwamba mtu akikuita unageuka mwili mzima. Kesho yake kuna tandiko kati ya Mawenzi na Kibo, mahali pasipo na mti wala kichaka cha kukata upepo, na mzigo kichwani unashika upepo ule kama tanga. Hapo kilo mbili za ziada si kilo mbili tena. Nimeona mtu mzima, baba wa watoto wanne, akiketi juu ya jiwe akilia bila sauti, kiroba kikiwa bado kichwani kwa sababu akikitua hakuna wa kumtwisha tena.

Babu zetu walikuwa na kipimo. Katika misafara ya karne ya 19, mzigo wa mpagazi ulihesabiwa kwa frasila, na frasila moja ni karibu kilo 16. Frasila mbili ndizo zilizokuwa desturi ya kichwa kimoja, na wapagazi wa misafara walijulikana kwa kuususia mzigo uliozidi desturi. Hans Meyer alipofika kilele cha Kibo mwezi Oktoba mwaka 1889 akiwa na Ludwig Purtscheller, nyuma yao palikuwa na watu wa namna hiyo. Marangu tunamkumbuka Yohani Kinyala Lauwo, kijana wa hapa anayesimuliwa kuwa ndiye aliyewaongoza. Mimi humkumbuka pia Mwini Amani wa Pangani, mtu wa pwani, aliyekaa nao kwenye kambi ya juu katika baridi ile ili wawili hao wapate chakula na moto. Frasila mbili ni mzigo mzito, sitaki kuusifia. Lakini ulikuwa na mwisho unaojulikana na pande zote mbili. Sisi, karne moja baadaye, hatukuwa hata na huo.

Mabadiliko hayakuja kwa siku moja. Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro ilianzishwa mwaka 1973 na kufunguliwa rasmi kwa wageni mwaka 1977, na kwa miaka mingi kanuni zake tulizozihisi sisi wa chini zilikuwa za mazingira: usikate mti, usiwashe kuni, shusha taka. Kuni zilipopigwa marufuku, mafuta ya taa yakachukua nafasi yake, kisha gesi, na mtungi wa gesi haupungui uzito kwa kuombwa. Kampuni za utalii ziliongezeka Moshi na Arusha, zikashindana kwa bei. Kampuni ikipunguza bei, kitu cha kwanza kinachopunguzwa ni idadi ya vichwa vinavyobeba. Mizigo inabaki ileile.

Ni katika miaka ya mwanzo ya 2000 ndipo nilipoanza kusikia wapagazi wakitaja kilo kwa sauti. Mwaka 2003 ulianzishwa mradi wa kuwasaidia wapagazi wa Kilimanjaro, KPAP, ofisi yake ikiwa Moshi mjini. Wengi wetu tulikwenda pale kwa ajili ya kuazima jaketi, viatu na glavu bila malipo. Tulikuta pia watu wanaouliza maswali ambayo hatukuwahi kuulizwa: ulibeba nini, ulikula mara ngapi, ulilala wapi, ulilipwa kiasi gani ukirudi. Kutoka huko tulijua kwamba kuna mwongozo wa kimataifa wa kuwalinda wapagazi, unaosema kilo 20 kwa Kilimanjaro, 25 kwa Peru na Pakistani, na 30 kwa Nepal. Hifadhi nayo ilisimamia kilo 20. Mzani ukatundikwa getini.

Nataka msomaji auone mzani ule. Ni wa ndoano, wa kutundikwa, kama wa kupimia kahawa kwenye chama cha ushirika. Wapagazi wanapanga foleni na viroba vyao. Askari wa hifadhi anasoma, mwenzake anaandika. Siku moja, wakati huo nimeshakuwa msaidizi wa kiongozi, kiroba cha kijana wetu kilisoma kilo 22 na nusu.

"Afande, ni umande tu huo," kiongozi wangu alisema. "Kimelala nje."

"Basi umande ubaki hapa, mzee wangu," askari alijibu kwa upole, wala hakuinua macho kwenye daftari.

Kiroba kikafunguliwa mbele ya watu wote. Likatoka tikiti maji. Ikatoka chupa ya mchuzi wa nyanya, ya kioo. Mzani ukarudiwa, ukasoma 20 kasoro. Kijana akatwishwa akaenda zake, na nilimwona akinyoosha mgongo kwa namna ambayo sisi hatukuwahi kuondoka nayo getini. Vilivyotoka kwenye viroba vya siku hiyo vilikusanywa vikafika mzigo mmoja kamili, kiongozi akalazimika kutoka nje ya geti kutafuta mtu mwingine. Aliyepatikana alikuwa mtoto wa jirani yetu. Alikuwa amekaa pale tangu Jumatatu.

Jambo hilo halisemwi vya kutosha. Kilo 100 zikibebwa kwa kilo 25 ni kazi ya watu 4, zikibebwa kwa kilo 20 ni kazi ya watu 5. Mzani uliponyoosha migongo uliongeza pia ajira, katika vijiji ambamo kihamba, shamba la ukoo, kimegawanywa mpaka kimebaki migomba ya kuzungukia nyumba.

Wageni wenyewe wanafika kwetu wakiwa wameshapita kwenye mizani mingine. Anayekuja na KLM hadi KIA, uwanja wetu wa ndege wa Kilimanjaro, anaruhusiwa kilo 12 za kuingia nazo ndani ya ndege, wa Ethiopian kilo 7, na begi la chini kwa kawaida ni kilo 23. Ndiyo maana wengi hushuka KIA wakiwa wamevaa viatu vizito vya mlimani, na wanafanya vizuri, kwa sababu begi likichelewa njiani viatu vilivyozoea mguu havipatikani Moshi kwa usiku mmoja. Hata sisi wenyeji tulionja somo hilo la kilo ndege za Fastjet zilipoanza mwezi Novemba 2012 kuruka kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza na Kilimanjaro. Nauli ilishuka, begi la chini likalipiwa pembeni, na Desemba ile watu waliokuja kula Krismasi nyumbani walikuwa wanahesabu kilo kama wafanyabiashara. Wakati wa kurudi ndizi na maparachichi ya mama vilipakiwa kwenye basi, mwenyewe akapanda ndege na begi dogo.

Hakuna aliyeona ajabu. Ndege ina kikomo chake, nacho kinafuatwa. Mzigo unapimwa kaunta, na ukifika mlango wa kuelekea kwenye ndege unaweza kupimwa tena, na aliyezidisha analipa au anaacha. Kinachoniuma ni kwamba shingo ya mtu wa Marangu haijapewa bado umakini huo. Mzani wetu unafanya kazi yake vizuri getini, kisha njia ni ya siku tano au sita.

Niliwahi kufanya kazi kwa kampuni ambayo viongozi wake walijua hesabu hiyo. Getini kila kiroba kilisoma 20. Tukifika Mandara, wapagazi wawili walilipwa siku moja na kurudishwa nyumbani, eti chakula kimepungua. Chakula cha siku moja hakipunguzi kilo 40. Mizigo yao iligawanywa usiku kwa waliobaki, na asubuhi tuliondoka kwenda Horombo kila mmoja akiwa na kilo ambazo hazimo kwenye daftari lolote. Pia kuna ujanja mdogo zaidi: begi la mpagazi mwenyewe linapitishwa getini na mwenzake aliyeshapimwa, au mgeni anapewa ashike mfuko kisha anaunyang'anywa kwa heshima kwenye kona ya kwanza ya msitu. Mpagazi haongei. Akiongea safari ijayo hataitwa, na simu isipoita hakuna ada ya shule.

Sitaki kuwakatisha tamaa waliopigania mzani ule, kwa sababu najua ulivyokuwa mlima kabla yake. Baba mdogo alistaafu akiwa na shingo iliyoinama upande mmoja, na hakuwa peke yake. Tukikaa kwenye mbege siku za mazishi naweza kuwatambua wapagazi wa zamani kwa jinsi wanavyogeuka kusalimia. Vijana wa sasa, na wasichana pia, maana nao wanabeba siku hizi, wana viatu, wana jaketi, na wengi wanajua haki yao kwa kilo. Hilo ni jambo kubwa. Lakini mzani wa getini peke yake haumlindi mtu aliyeko Horombo. Hifadhi ina askari na vituo njiani, na inaweza kupima hapo vilevile, asubuhi ya pili na ya tatu, bila kutangaza siku.

Maneno yangu ya mwisho ni kwa Watanzania wanaopanda kila mwaka kuelekea Desemba 9 kuukumbuka Uhuru. Mnazidi kuwa wengi na tunawakaribisha. Begi lako la mlimani lisizidi kilo 15, mengine yaache hotelini au kwa ndugu. Kabla ya kulipa, iulize kampuni itachukua wapagazi wangapi, na ukifika Horombo wahesabu kama bado wapo. Kuna mizani midogo ya ndoano ambayo wasafiri wa ndege hupimia mabegi yao kabla ya kwenda uwanjani, ni myepesi na inaingia mfukoni. Nunua mmoja uje nao. Pima mzigo wa mpagazi wako Mandara, upime tena Horombo, na ukizidi kilo 20 mwambie kiongozi mbele ya mpagazi mwenyewe, kisha iandikie hifadhi ukishuka. Wewe ni mgeni aliyelipa, kiongozi hawezi kukufukuza kazi.