Kelele ya Difu

Gari likirudi kutoka kwa fundi na kelele ambayo halikwenda nayo, mashauri hayakosekani. Hapa Kasungami, katika komini ya Annexe mjini Lubumbashi, tuliyasikia yote. Pikapu ambayo sisi nyumba nne twaishirikiana kubeba mahindi na makala ilikuwa imebadilishwa beringi za difu ya nyuma. Siku ya pili ikaanza kulia mfano wa nyuki mzingani.

Mmoja alishauri tutie mafuta mazito zaidi. Mwingine alisema tuyachanganye na unga wa mbao, na kelele itakoma. Ni kweli, hukoma kwa siku chache. Lakini mtoto akilia kwa homa, je, twamponya kwa kumziba kinywa? Unga ule huzuia mafuta yasifike vizuri penye meno na beringi, na chuma husagana na chuma. Difu ikikwama gari likiwa mbioni, magurudumu ya nyuma hufunga ghafula, na walioketi juu ya magunia ni watoto wetu.

Basi tuliamua kusikiliza kwanza. Mmoja aliendesha, wawili wakakaa nyuma. Mngurumo usiobadilika, ukikanyaga mafuta au ukiachia, mara nyingi ni wa beringi. Ukisikika katika kona tu, yafaa kutazama gia ndogo za ndani ya difu, au beringi za magurudumu. Yetu ililia tukikanyaga, ikanyamaza tukiachia. Hiyo ndiyo lugha ya meno: pinioni, na lile gurudumu kubwa la meno liitwalo krauni, havikushikana sawasawa.

Fundi mzee wa mtaa alifungua difu, akayapaka meno rangi, akayazungusha kwa mkono. Alama haikutokea katikati ya jino, bali juu, karibu na ncha. Maana yake pinioni ilikaa mbali mno. Kibati chembamba cha nyuma ya beringi yake hakikurudishwa katika matengenezo ya kwanza. Mzee aliweka kibati, akapima tena nafasi baina ya meno. Katika magari mengi madogo nafasi hiyo ni kama milimeta 0.13 hadi 0.20, yaani unene wa karatasi moja au mbili. Si ajabu kwamba Mfaransa Onésiphore Pecqueur, aliyeipatia difu hataza, alikuwa fundi wa saa.

Pinioni na krauni hazikubadilishwa, maana huzaliwa pamoja kiwandani kama pacha, na kuchanganya moja na ya gari jingine ni kununua kelele mpya. Bahati yetu ni kwamba meno hayakuwa yameliwa bado. Mwezi mmoja wa unga wa mbao ungetosha kuyamaliza, na pikapu ingesimama wakati wa mavuno.

Ndugu, mkimlipa fundi, msiulize tu kama gari limenyamaza. Ulizeni lilikuwa likilia nini.