Kama Marais Wangepigana Ngumi

Nilipotea kidogo, kazi za watu zilinibana. Leo nina jambo limenikaa rohoni tangu Februari 2025, nisipolitoa litanipa vidonda vya tumbo bure.

Tarehe 8 ya mwezi ule, siku ya Jumamosi, wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki na wale wa SADC walikutana Ikulu hapa Dar es Salaam kuzungumzia vita vya Kongo. Mhariri akanituma. Nikapiga pasi shati, nikasema leo nawaona wakubwa uso kwa uso. Kumbe jina langu halikuwa kwenye orodha ya waandishi wa kuingia ndani. Nilichokiona siku nzima ni magari meusi yenye vioo vyeusi, yakipita mbio kana kwamba vita iko Posta.

Nikajibanza kwenye kivuli cha mti pamoja na kijana wa bodaboda ambaye barabara zilizofungwa zilikuwa zimemharibia siku. Akaniuliza, "Braza, we mwandishi, eti hawa wanaokuja kupatanisha ndiyo haohao waliokuwa wanatupiana maneno juzi?" Nikamwambia baadhi yao, ndiyo. Siku chache kabla Rais Ramaphosa na Rais Kagame walikuwa wanajibizana mtandaoni mchana kweupe juu ya askari wa Afrika Kusini waliouawa upande wa Goma. Mmoja kaliita jeshi la mwenzake wanamgambo. Mwenzake akajibu kwamba mnapotosha, na kama mnataka mapambano, tupo. Na sisi Watanzania tusijifanye watazamaji, kwa sababu Januari hiyohiyo JWTZ ilipoteza askari wawili huko Kongo.

Yule kijana akafikiri kidogo, akatema mate pembeni. "Sasa si wapigane wenyewe wawili, sisi tukate tiketi?"

Nilicheka sana. Lakini jamani, wazo la huyu bwana si geni. Oktoba 2002, Marekani ikiwa inajiandaa kuivamia Iraki, Makamu wa Rais wa Iraki, Taha Yassin Ramadan, alipendekeza George Bush na Saddam Hussein wamalizane wao kwa wao kwenye ardhi isiyo ya yeyote, msimamizi awe Kofi Annan. Ikulu ya Marekani ikalipuuza kama utani. Machi 2003 wakaenda vitani kwa njia ya kawaida, yaani ile ambayo Bush na Saddam hawarushi hata ngumi moja na watu wengine wanakufa kwa maelfu. Zile silaha za maangamizi zilizofanya watu wapigwe mabomu hazikuonekana mpaka kesho.

Na kabla ya Iraki tulikuwa na wa kwetu. Idi Amin, bingwa wa ngumi wa Uganda kwa miaka karibu tisa kabla hajawa bingwa wa mambo mengine, alitangaza mwaka 1978 kwamba yuko tayari kupanda ulingoni na Nyerere wamalize ugomvi, refa awe Muhammad Ali. Hebu vuta picha. Upande huu pande la mtu, upande ule mwalimu wa shule mwembamba ambaye jioni zake anatafsiri Shakespeare. Sijui nani angeshika taulo la Mwalimu. Huyu Amin ndiye aliyewahi kumtumia Mwalimu salamu mwaka 1972 kwamba anampenda sana, na kama angekuwa mwanamke angefikiria kumuoa ingawa kichwa kina mvi. Unapigana vipi na mtu wa namna hiyo? Na unaongea naye vipi?

Kichekesho ni kwamba Muhammad Ali alikuja kweli Dar, ila si kama refa. Mwaka 1980 Rais Carter wa Marekani alimtuma azunguke Afrika kutushawishi tugomee Olimpiki za Moscow kwa sababu Warusi wameivamia Afghanistan. Mwalimu akakataa kumpokea. Aliona ni dharau kutumiwa bondia kwenye jambo la nchi. Kaka zangu waandishi wa enzi hizo wakamuuliza Ali, mbona Waafrika walipogomea Olimpiki za 1976 ninyi Wamarekani hamkutuunga mkono? Ali, mtu mkweli, akasema hakuwa analijua hilo. Kwa hiyo bondia aliyetakiwa kuamua vita aliishia kuwa mwanadiplomasia, na raundi ya kwanza ikamshinda. Kila mtu na ulingo wake.

Tukishamaliza kucheka, nieleze kwa nini hili linaniuma.

Bibi yangu mzaa mama ni mtu wa Missenyi, ng'ambo ya mto Kagera, upande wa Uganda. Mwishoni mwa Oktoba 1978 wanajeshi wa Amin walipoingia, alikuwa na watoto wawili, mkubwa anamshika mkono na mdogo yuko mgongoni. Yule wa mgongoni ndiye mama yangu. Walivuka daraja la Kyaka wakiwa na sufuria moja na kanga mbili. Tarehe 1 Novemba Uganda ikatangaza kwamba ardhi yote ya kaskazini ya mto sasa ni yake. Siku mbili baadaye daraja likalipuliwa. Bibi anasema mlio aliusikia kifuani kabla ya kuusikia masikioni.

Tuliokulia mjini tunaijua vita ile kwa nyimbo za redioni na kwa hotuba moja: uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Nikiisikia mpaka leo nasisimka, sifichi. Lakini Bibi haisimulii kwa hotuba. Anaisimulia kwa ng'ombe. Walikuwa kumi na mbili. Aliporudi hakukuta hata mkia. Mpaka leo ukikaa naye jikoni anawataja mmoja mmoja, rangi na tabia, yule mwenye pembe iliyopinda, yule aliyekuwa anapiga teke ndoo, na akifika wa kumi na mbili anakwama. Hakumbuki alikuwa wa rangi gani. Nimeona akinyamaza hapo muda mrefu.

Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Tulishinda. Mwalimu akatuomba tufunge mikanda miezi kumi na nane, na wazazi wetu wanasema miezi ile ina urefu wa ajabu maana waliendelea kupanga foleni za sabuni miaka kadhaa. Vita ilikula takriban dola milioni 500 za nchi ambayo haikuwa nazo. Amin naye? Alifia Jeddah, Saudi Arabia, Agosti 2003, kitandani hospitali. Hakuna ng'ombe aliyerudi.

Sasa hapa najua nitatukanwa, ila nasema. Kuna kipande cha hadithi hii ambacho hatukiimbi. Septemba 1972 watu wa Obote walitoka kwetu Tanzania wakaivamia Uganda, wakachapwa. Amin akajibu kwa mabomu Bukoba na Mwanza. Vita ilikuwa imeshabisha hodi kabisa. Oktoba, Siad Barre wa Somalia akasimamia makubaliano Mogadishu: kila mtu arudishe jeshi lake kilomita kumi kutoka mpakani, na kila mtu aache kufuga maadui wa mwenzake. Karatasi tu, na haikuheshimiwa sawasawa. Lakini kutoka pale mpaka Oktoba 1978 ni miaka sita ambayo bibi yangu alikamua ng'ombe wake. Mama yangu alizaliwa ndani ya miaka ile. Nani ana wimbo wa Makubaliano ya Mogadishu? Nani amekijengea mnara kitu ambacho hakikutokea? (Msinielewe vibaya, Siad Barre hakuwa malaika. Mwaka 1977 mpatanishi wetu huyo aliivamia Ethiopia. Diplomasia nayo ina vituko vyake.)

Tena kuna hili. Baada ya Amin kupindua nchi Januari 1971, Mwalimu alikataa kukaa naye meza moja. Marais watatu wa Afrika Mashariki hawakukutana tena, na mwaka 1977 Jumuiya ikafa. Ninaelewa sababu, mikono ya Amin ilikuwa na damu na kukaa naye kulikuwa kumpa heshima. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulimpa heshima hiyo tele, ukafanya mkutano Kampala 1975 na uenyekiti ukampa. Lakini huwa najiuliza, kama kungekuwa na kiti kimoja kibovu, chumba kimoja cha joto, watu wawili wasiopendana wanaangaliana kila baada ya miezi mitatu? Labda isingesaidia kitu. Nilimuuliza Bibi. Akasema, "Amin alikuwa anaongea peke yake, mjukuu wangu, hata angepewa viti kumi." Akakoroga uji wake. "Lakini ng'ombe wangu hawakuwa na ugomvi na mtu."

Ndiyo maana mwaka 2012 nilimkumbuka mno, nikiwa darasa la sita. Mgogoro wa Ziwa Nyasa ulipopamba moto, darasani tuliipiga Malawi tukaimaliza kabla ya kengele ya saa nne. Watu wazima nao walikuwa hivyohivyo, jeshi liko tayari, tunasubiri amri. Wakubwa wakalipeleka suala kwa marais wastaafu wakiongozwa na Chissano wa Msumbiji, wazee wakakaa na ramani na mkataba wa Wajerumani na Waingereza wa 1890. Vikao vikachosha. Habari ikafa magazetini kwa kukosa damu. Wavuvi wakaendelea kuvua.

Turudi kwenye mti wetu. Jioni taarifa ya mkutano ikatoka: mapigano yasimame, wakuu wa majeshi wakutane ndani ya siku tano. Rais Tshisekedi alishiriki kwa video, Kagame na Ramaphosa walifika wenyewe. Nikaandika habari yangu, nzuri tu, mhariri akakata nusu. Wiki iliyofuata M23 wakaingia Bukavu, na yule wa bodaboda akanitumia ujumbe, "Braza ulingo vipi?" Sikuwa na la kumjibu.

Ila usiku ule wa Jumamosi nilimpigia Bibi. Alikuwa amesikia redioni. Hakuniuliza walichoazimia.

"Wale wawili waliokuwa wanatukanana, wamekaa chumba kimoja?"

Ndiyo Bibi.

"Wamepeana mikono?"

Nikamwambia sijui, mimi nilikuwa nje ya geti.