Ua la Nabii Yahya Mlimani Kenya

Tuliondoka Nyeri baada ya sala ya alfajiri, sisi mabinti watatu pamoja na Mama, kuelekea Naro Moru. Tangu atoke eda, Mama hakuwa na raha. Daktari alikuwa amempa vidonge vya sonona. Nasi tukaona hewa ya mlimani huenda ikamfaa.

Gari lilitupandisha hadi Kituo cha Hali ya Hewa, mita 3,050 juu ya usawa wa bahari. Mvua ilikuwa imenyesha punde.

“Nani anapika mchuzi huku porini?” Mama akauliza.

Kijana aliyetuongoza akacheka. Alichuma tawi lenye maua ya manjano, akayafikicha majani yake, akampa Mama anuse. Bizari tupu! Wataalamu huuita mti huo Hypericum revolutum.

Nduguye wa Ulaya, Hypericum perforatum, ndiye mwenye sifa ya kuondoa huzuni. Huchanua karibu na tarehe 24 Juni, siku ambayo Wakristo huadhimisha kuzaliwa kwa Yohana Mbatizaji, ambaye sisi twamjua kuwa ni Nabii Yahya, amani iwe juu yake. Ndiyo asili ya jina lake la Kizungu. Hypericum ni neno la Kiyunani, ambalo wengi hulifasiri “juu ya sanamu”, kwa kuwa watu waliutundika mmea huo juu ya sanamu zao ili kufukuza shari. Ibn Sina naye aliuandika katika tiba yake kwa jina hilohilo, likitamkwa Kiarabu: hiyufarikuni.

Hapo Mama akatukiri jambo. Jirani alikuwa amempa pakiti ya majani makavu ya mmea huo wa Ulaya, naye alikusudia kuyanywa pamoja na vidonge vyake.

Tulishtuka. Ni kweli kwamba utafiti umeonyesha mmea huo huwasaidia baadhi ya wenye sonona isiyo kali. Lakini ukichanganywa na vidonge vya sonona waweza kuleta madhara makubwa. Tena hudhoofisha vidonge vya uzazi wa mpango, dawa za kuzuia damu kuganda na dawa za virusi vya Ukimwi. Na huyu wa mlimani, ingawa ni wa ukoo mmoja, si badala yake.

Akina mama wenzetu, kujitibu ni sunna, na kumweleza daktari kila tunachokunywa ni sehemu ya kujitibu. Mama alirudi Mombasa na tawi lake ndani ya mkoba, kwa ajili ya harufu tu. Pakiti tuliipeleka kwa daktari.