Muzee, upumuzike

Nilipata kazi yangu ya kwanza kwa sababu mtu mwingine aliambiwa apumzike. Nimelibeba jambo hilo tangu mwaka jana bila kumwambia mtu. Leo nalileta mbele yenu, wanafunzi wenzangu na walimu wetu, kwa sababu mtu yule aliondolewa kwa maneno, na sisi hapa maneno ndiyo kazi yetu.

Mnazijua zile ofisi ndogo za njia ya chuo kikuu, hapa Lubumbashi: meza mbili, kompyuta tatu, mashini moja ya fotokopi, na jenereta nje ya mlango kwa saa ambazo umeme haupo. Humo ndimo kazi zetu za mwisho wa masomo zinapochapwa na kufungwa. Katika moja ya ofisi hizo alikuwamo baba mmoja wa miaka 57, aliyefanya kazi pale kwa miaka 11. Sitamtaja jina. Nitamwita Baba, kama nilivyomwita siku zote. Alijifunza kupiga mashini wakati wa karatasi za kaboni, kisha akahamia kwenye kompyuta bila kufundishwa na mtu. Kazi yangu ya kumaliza mzunguko wa kwanza, ni yeye aliyeichapa.

Siku moja, nikiwa nangojea kurasa zangu, mwenye ofisi alimwita. Hakumfokea. Alimwambia kwa sauti ya chini: «Muzee, ulishachoka. Wende upumuzike.»

Baba akajibu: «Miye siyachoka.»

Mwenye ofisi akamshika bega, akatabasamu: «Hapana, muzee. Siye tunakuheshimia.»

Mazungumzo yakaishia hapo. Mtu akiambiwa kwamba anaheshimiwa, atalalamikia nini? Baba alichukua miwani yake na kikombe chake cha chai, akatuaga wote, akaenda. Wiki mbili baadaye mwenye ofisi aliniuliza kama najua kuchapa. Baba alikuwa akilipwa dola 150 kwa mwezi. Mimi nilikubali 80, na nilifurahi, maana sikuwa nimelipa ada ya mwaka.

Katika somo la mofolojia tulijifunza kwamba Kiswahili sanifu hakichanganyi uzee wa mtu na uchakavu wa kitu. Mtu ni mzee. Kitabu ni kikuukuu, nguo ni kuukuu. Kivumishi -zee kinamwendea mwenye uhai, -kuukuu kinakiendea kitu kilichotumika mpaka kikachoka. Niliandika hayo kwenye daftari na nikapata alama nzuri. Sikufikiri kwamba mtu anaweza kuitwa kwa kivumishi cha kwanza na kutendewa kwa kile cha pili. Pale ofisini nilisikia namna ile ile ya kusema mara mbili katika mwezi mmoja: mashini ya zamani ya fotokopi ilichoka, ikatolewa nje, Baba naye «alichoka», akatolewa nje. Tofauti ni kwamba mashini haikuambiwa kuwa inaheshimiwa.

Wala si kwamba neno mzee lenyewe ni baya. Laurent-Désiré Kabila alizaliwa mwaka 1939. Alipochukua madaraka mwaka 1997 alikuwa na miaka 57, umri ule ule wa Baba, na watu walimwita Mzee. Kwake neno hilo lilikuwa na maana ya mwenye uwezo wa kuongoza. Kwa Baba, katika umri ule ule, lilikuwa na maana ya asiyeweza kukaa mbele ya kompyuta. Maana haikutoka kwenye mzizi wa neno. Ilitoka kwa aliyelisema na kwa kile alichokitaka. Na niongeze hili: mwenye ofisi yetu ana miaka 61. Hakuna anayemwambia apumzike.

Mji wetu unayajua maneno ya namna hii. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines, watu wenye utumishi wa miaka mingi, waliondoka katika kampuni kwa mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari. Wengi wetu tuna babu au jirani aliyekuwamo. Waulizeni juu ya neno hiari. Watawapa somo zima la semantiki.

Nilikwenda kutazama sheria inasemaje. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 36, inakataza mtu kudhulumiwa katika kazi yake kwa sababu ya asili yake, jinsia yake, maoni yake, imani yake au hali yake ya kijamii na kiuchumi. Umri haukutajwa. Umri unakuja mbele zaidi, katika kifungu cha 49, ambapo mtu wa umri mkubwa anatajwa pamoja na mlemavu kuwa ana haki ya kulindwa kwa hatua za pekee kulingana na mahitaji yake. Hatua hizo ni jambo jema. Lakini someni vifungu hivyo viwili kwa jicho la mwanaisimu: panaposemwa habari za kazi, mzee hayumo, panaposemwa habari za mzee, kazi haimo. Kati ya vifungu hivyo ndipo Baba alipoangukia. Na katika ofisi ya watu watatu hakuna chama cha wafanyakazi wala barua ya kuajiriwa; kuna mwenye ofisi na neno lake.

Mwezi wa tatu wa kazi yangu alikuja mwanafunzi wa idara yetu na kazi iliyojaa mifano ya Kilingala yenye alama za toni. Niliichapa haraka. Alama nyingi zilinipita, nyingine niliziacha kwa kuwa sikujua zilipo kwenye kibodi. Mnajua kinachotokea: katika Kilingala moto ni mtu na motó ni kichwa. Ondoa alama moja, kichwa kinakuwa mtu. Mwalimu wake alimrudishia kazi yote. Mwanafunzi yule hakunitukana. Aliuliza tu: «Muzee iko wapi?»

Jioni ile, nikitafuta kalamu kwenye droo, nilikuta karatasi iliyoandikwa kwa mkono wa Baba: kila herufi yenye toni, na kando yake namba za kubonyeza. Juu, toni ya juu. Chini yake, toni ya chini, ya kushuka, ya kupanda. Nilikuwa nimesoma toni kwa miaka mitatu. Yeye, ambaye hakusoma isimu hata siku moja, ndiye aliyehakikisha kwamba toni zetu zinafika kwa walimu.

Nilimwomba mwenye ofisi amwite Baba siku mbili kwa wiki, majira ya kazi za mwisho, kwa malipo ya kila ukurasa. Nilisema hata sehemu ya malipo yangu ipungue. Alinisikiliza vizuri, kwa sababu si mtu mbaya. Ana kodi ya nyumba na mafuta ya jenereta. Kisha akasema: «Muzee atachoka.»

Ningetaka kuwaambia kwamba niliacha kazi siku ile. Sikuacha. Bado niko pale, na ile karatasi nimeibandika ukutani mbele yangu. Nilikwenda nyumbani kwa Baba kumwambia hayo. Anauza vocha za simu mbele ya lango lake. Nilianza kuomba msamaha. Akanikatiza, akaniuliza kama karatasi ya toni niliiona. Nikasema ndiyo. Akasema kuna kosa kwenye mstari wa nne, akaniandikia namba iliyo sahihi.

Muhula huu tunakusanya maneno ya Kiswahili cha Lubumbashi kwa ajili ya semina. Neno muzee limeangukia kwangu. Maana ya kwanza na ya pili ziko tayari: mtu mwenye umri mkubwa; mtu anayeheshimiwa. Nimeongeza ya tatu: mfanyakazi ambaye mwenye kazi anataka aondoke bila kugombana. Mfano wa matumizi ninao, na niliusikia kwa masikio yangu.