Karema na Laana ya Hamu

Karema ni mji mdogo ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, katika nchi iliyoendeshwa zamani kutoka Mpanda, na ambayo tangu mwaka 2012 huitwa Mkoa wa Katavi. Mwaka 1879 Kapteni Cambier, Mbelgiji, alijenga boma hapo kwa niaba ya chama cha Mfalme Leopold wa Pili. Mwaka 1885 boma hilo lilikabidhiwa mapadri wa Kardinali Lavigerie, nao wakaligeuza kuwa nyumba ya misheni. Mapadri hao waliitwa Mapadri Weupe. Na kwa kuwa habari hii ni ya rangi, yafaa isemwe mapema kwamba jina hilo lilitoka katika kanzu zao, walizoziiga kwa watu wa Afrika ya Kaskazini, wala halikutoka katika ngozi zao. Hata hivyo mwenyeji aliyeiona kanzu aliiona na ngozi pia, na si haki kumlaumu kama alichanganya mambo hayo mawili.

Mmoja wa wakuu wa boma hilo kabla ya mapadri alikuwa Émile Storms. Mwaka 1883 alijenga boma jingine Mpala, ng'ambo ya magharibi ya ziwa, na mwezi wa Desemba 1884 watu wake walimwua mtawala wa upande huo aitwaye Lusinga, wakamkata kichwa. Lusinga hakuwa malaika. Alikuwa mtekaji na mwuzaji wa watu, na wengi waliomjua walipumua alipokufa. Lakini fuvu lake lilichukuliwa mpaka Ubelgiji, na huko wataalamu walilipima kwa vipimo vyao, kana kwamba utu wa mtu hujulikana kwa urefu na upana wa mfupa wake. Sanamu ya Storms ilisimama katika uwanja mmoja wa Brussels kwa miaka mingi. Iliondolewa mwaka 2022.

Miaka mitano baada ya kichwa hicho kukatwa, alifika Karema mtu mweusi aliyebeba sanduku la dawa.

Adrian Atiman alizaliwa karibu na mwaka 1866 huko Tundurma, kando ya mto Niger, si mbali na Timbuktu. Alitekwa angali mtoto, akauzwa, akavushwa jangwa la Sahara mpaka Aljeria, na huko mapadri wa Lavigerie wakamnunua ili wamweke huru. Waliomwuza walimtia bei, na waliomkomboa walilipa bei. Tendo la mkono ni moja, na mbali ya kutoa na kupokea fedha hapana kilichowatofautisha watu hao ila kilichotendeka baadaye. Mtoto alisomeshwa Algiers. Mwaka 1881 alipelekwa kisiwa cha Malta pamoja na vijana wengine waliokombolewa kama yeye, katika chuo alichokifungua Lavigerie ili kupata Waafrika watakaokuwa waganga na makatekista kwa wakati mmoja, nao wakasikiliza masomo ya udaktari katika chuo kikuu cha kisiwa hicho. Mwaka 1888 safari ya kuja Zanzibar na bara ilianza. Lavigerie mwaka huo huo alikuwa akizunguka Paris, London na Brussels, akiwalilia watu wa Ulaya wasimame dhidi ya biashara ya watumwa. Na huku mmoja wa waliokuwa watumwa akipanda na kushuka milima ya Tanganyika kwenda kuponya.

Atiman aliingia Karema mwaka 1889, umri wake miaka 23 hivi. Nchi ilikuwa na ndui, na vidonda, na baadaye malale. Weusi wake haukumfanya mwenyeji: Wabende wa huko walikuwa na lugha yao, naye alizaliwa katika lugha nyingine upande wa pili wa Afrika. Ilimbidi kujifunza kila kitu ambacho Mzungu aliyefuatana naye alijifunza. Jambo hili husahauliwa na wale wanaodhani kuwa rangi moja ni undugu uliokwisha tengenezwa. Alioa mwanamke wa nchi hiyo, Agnes Wansahira. Mwana wao Joseph alipata upadri. Aliwatibu wanakijiji na wamisionari kwa mikono ile ile. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, wakifikiria chakula kizuri kipikwacho siku ya mgeni. Karema methali hiyo ilitimia neno kwa neno. Mwaka 1946 habari za maisha yake, alizozisimulia mwenyewe, zilichapishwa katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Alifariki Karema mwaka 1956, baada ya kazi ya miaka 67.

Habari hiyo husimuliwa kwa furaha katika makanisa, na inastahili furaha. Lakini ina upande wa pili. Lavigerie aliamuru kwamba vijana wake wa Malta walelewe kama Waafrika katika chakula, mavazi na malazi, wasije wakazoea maisha ya Ulaya na kutengana na ndugu zao. Amri hiyo ina hekima ndani yake, kwani mganga anayekula kwa siri chakula asichoweza kumpa mgonjwa wake hawezi kukaa naye kwa muda mrefu. Tena ina jambo jingine. Mzungu ndiye aliyeamua Mwafrika ni mtu wa namna gani, ale nini, avae nini, na aishie wapi katika elimu na cheo. Upendo huo ulikuwa na dari. Mtu aliweza kukua chini yake kwa miaka mingi bila kuumia, lakini siku aliyosimama wima kichwa chake kiligonga.

Mtume Paulo alipomrudisha Onesimo kwa Filemoni, alimwomba bwana huyo ampokee mtumwa wake kama ndugu. Barua ni fupi, na haisemi kama Onesimo alikalishwa mezani au alisimama nyuma ya kiti akishika jagi la maji. Wakristo wamegombana juu ya kimya hicho tangu siku zile. Wenye watumwa waliisoma barua wakaona mtumwa amerudishwa kwa bwana. Watumwa waliisoma wakaona bwana amekoma kuwa bwana. Wa pili ndio walioisoma vema, ingawa waliopewa mimbari kwa muda mrefu ni wa kwanza.

Kulikuwa na maandiko mengine yaliyosomwa vibaya zaidi. Kitabu cha Mwanzo chaeleza jinsi Nuhu alivyolewa, na jinsi mwanawe Hamu alivyomwona uchi. Nuhu alipoamka alitamka laana. Na yeyote anayejua kusoma ataona kwamba aliyelaaniwa si Hamu bali ni Kanaani mwana wa Hamu, wala rangi ya mtu haikutajwa hata mara moja. Hayo hayakuwazuia wafanya biashara ya watumwa, Wakristo na wasio Wakristo, kusema kwamba watu weusi ni wana wa Hamu na utumwa ni urithi wao. Mwaka 1870, maaskofu walipokutana katika Mtaguso wa Vatikani, Daniel Comboni, rafiki wa kweli wa Afrika, alipeleka ombi kwamba Waafrika wahubiriwe Injili. Na katika ombi hilo la huruma laana ya Hamu ilitajwa kama mzigo ulio mabegani mwao. Rafiki aliwaombea waondolewe laana ambayo hawakupata kulaaniwa! Afadhali wangesoma habari za Miriamu, aliyemteta nduguye Musa kwa ajili ya mke Mkushi. Mungu hakumgusa Mkushi. Aliyepigwa kwa ukoma ni Miriamu, na ukoma huo ulimfanya awe mweupe kupita kiasi.

Kisha Hamu akapinduliwa. Speke, aliyefika Ziwa Tanganyika pamoja na Burton mwaka 1858, alichapisha kitabu cha safari zake mwaka 1863, na humo alidai kwamba watawala wa falme za maziwa makuu walitoka kaskazini, kwa watu bora waliokuja na ng'ombe wao. Wataalamu waliomfuata waliwaita Wahamu. Jina lililokuwa tusi la mtumwa likawa sifa ya mtawala, ilimradi tu kila jambo jema lililoonekana katika Afrika lipewe baba mwingine asiye Mwafrika. Chini ya Wajerumani, na zaidi chini ya Wabelgiji, Watusi wa Rwanda na Burundi waliambiwa kuwa ndio wana hao waliozaliwa kutawala, na Wahutu kuwa wamezaliwa kulima. Majina ya Mhutu na Mtusi yalikuwapo zamani. Yaliyoongezwa ni vipimo vya pua, vyeo vya shule, na maelezo yenye sauti ya elimu. Shule nyingi zilikuwa mikononi mwa wamisionari, wakiwamo mapadri wa shirika lile lile lililomkomboa Atiman. Kusini mwa ziwa, walimkabidhi mtumwa wa zamani maisha ya watu. Kaskazini mwa ziwa, walisaidia kuwapanga watu kwa daraja za damu. Hapana haja ya kuchagua ni habari ipi iliyo ya kweli. Zote mbili ni za kweli, na zilitendwa na watu waliosali sala moja asubuhi na jioni.

Katika Tanganyika ya Waingereza ngazi zilikuwa wazi kwa kila mwenye macho: Mzungu juu, Mhindi kati, Mwafrika chini, katika mshahara, shule na hospitali. Dar es Salaam Mzungu alilazwa Ocean Road na Mwafrika alipelekwa Sewa Haji. Ngazi hizo hizo ndizo zilizotawala reli ya kutoka Kaliua ilipofika Mpanda mwaka 1950 kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi, mgodi uliokuja kufungwa mwaka 1960. Ndani ya Kanisa dari lilianza kupasuka: Laurean Rugambwa alipata uaskofu mwaka 1952 na ukardinali mwaka 1960, na mwaka 1958 Charles Msakila akawa askofu wa Karema, miaka miwili tu baada ya mazishi ya mganga. Mwezi wa Oktoba 1961 Julius Nyerere, Mkatoliki aliyefundishwa dini na mapadri hao hao, alisimama Bungeni akakataa katakata uraia wa nchi mpya ufuate rangi ya ngozi. Waliotaka ufuate rangi walikuwa Waafrika wenzake, baadhi yao marafiki zake, nao walikuwa na uchungu wa kweli wa miaka mingi. Ni kazi ndogo kulaani ubaguzi wa anayekukanyaga. Nyerere aliulaani ule ambao ungewapendeza waliomchagua.

Laana ya Hamu ilirudi Mpanda kwa miguu. Mwaka 1972, baada ya uasi wa Wahutu uliowaua Watusi wengi kusini mwa Burundi, jeshi la nchi hiyo liliwaua Wahutu wanaokadiriwa kuwa zaidi ya laki moja, wakitafutwa kwanza walimu, wanafunzi na kila aliyejua kusoma. Wengi wa waliouawa walikuwa wamebatizwa. Na wengi wa waliowaua pia. Waliookoka walikimbilia Tanzania. Katika nchi ya Mpanda yalifunguliwa makazi ya Katumba mwaka 1973 na ya Mishamo mwaka 1978, na serikali ikasaidiwa na Umoja wa Mataifa na lile shirika la wakimbizi la Wakristo wa Tanganyika, TCRS. Msitu ulifyekwa, visima vikachimbwa, makanisa yakasimama. Wema huo hauna doa. Lakini mkazi hakuruhusiwa kutoka bila kibali, na humo ndani alikaa na watu wa namna yake tu.

Liisa Malkki, mtaalamu kutoka Finland, aliishi miongoni mwa wakimbizi hao mwaka 1985 na 1986, huko Mishamo na pia katika mji wa Kigoma, na kitabu chake kilitoka mwaka 1995. Aliona kwamba watu wa Mishamo waliishika historia ya Mhutu na Mtusi kwa nguvu, wakiisimulia tena na tena mpaka ikawa kama katekisimu. Wenzao wa Kigoma, waliokimbia mauaji yale yale, walikuwa wamepanga vyumba katika nyumba za Waswahili, wakaoa na kuolewa, na hawakujali sana kuitwa Wahutu. Mhubiri wa Mishamo aliyetaka kuhubiri upatanisho alihubiri kwa upande mmoja wa ugomvi, na upande wa pili ulikuwa ng'ambo ya mpaka. Aliweza kuwaombea maadui. Hakuweza kumwomba yeyote chumvi. Kigoma hakukuwa na mahubiri maalumu juu ya jambo hilo, ila palikuwa na kisima kimoja na soko moja.

Mwaka 2007 serikali iliwapa wakimbizi wa mwaka 1972 hiari ya kurudi kwao au kuomba uraia. Walio wengi waliomba uraia. Mwaka 2010 maombi ya watu wapatao 162,000 yalikubaliwa, lakini kwa sharti kwamba wahame na kutawanywa katika mikoa mingine; na kwa kuwa mpango huo wa kuhama ulisimama, vyeti navyo vilisimama. Kwa miaka minne walikuwa si wakimbizi wala si raia. Vyeti vilianza kutolewa mwezi wa Oktoba 2014, na wenyewe wakaruhusiwa kubaki katika mashamba waliyoyafyeka. Mwaka uliofuata ulikuwa wa uchaguzi mkuu. Mtu aliyezaliwa Katumba mwaka 1974, ambaye hakupata kuiona Burundi hata siku moja, alisimama katika mstari wa wapiga kura kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 41.