Tuma kwa Watu Kumi

Mama yangu hafungui ujumbe wowote uliofowadiwa. Iwe ni sala, iwe ni tangazo la mtoto aliyepotea, iwe ni nafasi za kazi kwa kampuni ya maua, yeye hufuta tu. Kwa grupu ya chama alishatoka zamani. Mchango wake humpelekea mweka hazina mkononi kila wiki. Wapangaji wenzetu hapa Karagita humcheka. Mimi sicheki, kwa sababu najua hiyo tabia ilianza lini.

Ilianza Januari 2008. Kabla ya mapanga, Mama husema, zilikuja SMS. Hujui nani ameandika, lakini zinataja kabila lako na zinamwambia anayesoma atume kwa watu kumi. Serikali ilikuwa imepiga marufuku matangazo ya moja kwa moja tangu tarehe 30 Desemba 2007, kwa hivyo mtu alibaki na simu yake na uvumi wake. Kisha wizara ya usalama wa ndani nayo ikaingia kwa simu zile zile, ikionya kwamba anayesambaza ujumbe wa uchochezi anaweza kushtakiwa. Tarehe 27 Januari Naivasha ikawaka. Kule Kabati watu 19 walichomewa ndani ya nyumba moja. Mama, aliyetoka Siaya kuja kukata maua, alifika kituo cha polisi akiwa amenibeba mgongoni, na kilichomwamsha ni SMS pia: jirani yetu Mkikuyu alimwandikia atoke saa hiyo, asingoje giza. Hiyo haikutumwa kwa watu kumi. Ilikuwa yake peke yake.

Sasa fikiria mtu kama huyo anakaa na mimi Juni 2024, na mimi kazi yangu ni kutengeneza simu.

Ule Mswada wa Fedha uliingia Karagita kupitia TikTok. Mmoja alieleza ushuru wa mkate kwa Kijaluo, mwingine akaeleza wa mafuta ya kupikia kwa Kikuyu, na wote walikuwa na hasira moja. Namba za wabunge zikaanikwa, wasee wakawasalimia kwa SMS usiku na mchana. Hatuna kabila, hatuna chama, hatuna kiongozi: ndivyo tulivyosema. Mahali pengine huo ni wimbo tu. Naivasha, ambapo simu iliwahi kutupanga kwa makabila, mimi niliona ni ajabu kubwa. Upinzani wenyewe ulikuwa unatufuata nyuma. Kabla ya mwisho wa Julai watu wakubwa wa ODM walikuwa wameteuliwa mawaziri, na vijana wakaandika waliyoandika.

Tarehe 24 Juni Mamlaka ya Mawasiliano ilisema haina mpango wa kuzima intaneti. Kesho yake wabunge wakapitisha mswada, 195 kwa 106, vijana wakaingia Bunge, na mtandao ukaanza kukokota. Vidio zikazunguka tu bila kufunguka. Kampuni za simu zikasema shida ni nyaya za chini ya bahari. Mama alikuwa anachambua sukuma. "Hata hiyo waya imejua siku ya kukatika," akasema.

Tarehe 26 Rais Ruto akasema hatatia sahihi. Tarehe 5 Julai akaja kwa X mwenyewe, kuongea na vijana kwa sauti. Nilinunua bando nikaweka spika. Watu walimuuliza kuhusu waliopigwa risasi, waliotekwa, pesa za ikulu, bila "mheshimiwa" nyingi. Nilisikia raha, siwezi kudanganya. Mama alikaa pale mlangoni kimya muda mrefu, halafu akasema, "Nyathina, kama anaongea hapo, basi pia husikiliza hapo."

Desemba ilipofika, vijana waliochora na kuposti picha za kumkejeli Rais walianza kupotea. Kibet Bull, mchoraji wa katuni, alichukuliwa akarudi Januari. Juni 2025 Albert Ojwang, mwalimu, alikamatwa Homa Bay kwa sababu ya posti kuhusu afisa mkubwa wa polisi, akaletwa Nairobi, akafia mikononi mwa polisi. Walisema aligonga kichwa ukutani. Upasuaji ukaonyesha vingine.

Hapo ndipo wateja wakaanza kuniletea simu nzima. Hazina ufa, zinashika chaji. Wanataka niwafutie. Nitoe picha, nitoe jina, niweke jumbe zijifute zenyewe baada ya siku moja. Mama mboga mmoja aliuliza kama simu ikizimwa bado inaweza kusikia. Grupu yetu iliyokuwa na makelele ikabaki na matangazo ya maji na matanga. Hakuna aliyekata waya safari hii, na sidhani kuna haja tena. Ukimchukua mmoja, elfu moja watajizima wenyewe.

Si kwamba vijana walikaa nyumbani. Tarehe 25 Juni 2025 nilipanda matatu nikaenda Nakuru. Vituo vya televisheni viliamriwa viache matangazo ya moja kwa moja, vingine vikatolewa hewani mpaka Mahakama Kuu ikasimamisha amri hiyo, na watu walihamia TikTok bila kupoteza dakika. Huko nilimrekodi kijana wa ploti yetu, bendera mabegani, anacheka mbele ya moshi. Vidio safi kabisa, uso unaonekana wote.

Mwezi uliofuata Jayne Kihara, mbunge wetu, alikamatwa hapa hapa Naivasha kwa maneno aliyosema hadharani. Mama aliona habari, akaniangalia. "Ile ya huyo mtoto unayo bado?"

Nilikuwa nayo. Ningeiposti ingezunguka nchi. Nilimtumia yule kijana peke yake, kisha nikafuta yangu. Alijibu baada ya saa mbili hivi: "Fiti. Mathe amelia akiiona. Usimwambie mtu nilikuwa huko."