Klabu ya redio ilivyompa mpwa wangu zamu ya kuongea

Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi mimi na mpwa wangu tunapanda pantoni kwenda Kigamboni, kwenye klabu ya redio. Nikisema hivyo watu hudhani tunakwenda kituo cha matangazo, na huniuliza kama mtoto anataka kuwa mtangazaji. Hapana. Ni redio ya ridhaa, ridhaa ileile ya ngumi za ridhaa: watu wanaofanya jambo kwa kulipenda, bila malipo. Wana redio zao wenyewe na wanaongea na wenzao wa mtaa wa pili au wa bara jingine, bila laini ya simu wala bando.

Wanachama hawafiki ishirini. Yupo fundi wa majokofu, mwalimu wa fizikia, mama mmoja mhasibu, wanafunzi wawili wa chuo, na mzee ambaye uwanja wa nyumba yake ndio ukumbi wetu. Kabla ya kustaafu alikuwa afisa mawasiliano melini. Wenye leseni wameipata TCRA, na kila mmoja ana jina lake la hewani, mchanganyiko wa herufi na tarakimu. Majina ya Tanzania huanza na 5H, ya Kenya 5Z, ya Oman A4, kwa hiyo ukisikia tu mwanzo unajua mtu anaita kutoka wapi.

Siku ya klabu huanza na kazi za mikono. Watoto hufundishwa kulehemu waya na kutengeneza antena ya mkononi kwa vipande vya futi ya chuma ya fundi vilivyofungwa kwenye bomba la plastiki. Kisha huja mchezo wanaoupenda kuliko yote, msako wa mbweha. Mbweha ni redio ndogo inayotoa mlio, ambayo Mzee ameificha mahali, safari moja ilikuwa ndani ya banda la kuku. Watoto huzunguka na antena zao, wakifuata upande ambao mlio unazidi. Mchana kila familia hufungua sufuria yake, pilau huku, mihogo na samaki kule, na wazee huanza simulizi ambazo tumeshazisikia.

Halafu kuna Jumapili saa mbili usiku. Kila mwanachama huwasha redio nyumbani kwake na mmoja wao huita orodha ya majina, kila mtu anaitika. Lengo ni kujua kwamba siku mitandao ikizima, hawa watu bado watapatana. Mei 2024 nyaya za mawasiliano za chini ya bahari zilipopata hitilafu na intaneti ikasumbua nchini na kwa majirani, orodha ya Jumapili iliitwa kama kawaida. Kwa mwandishi wa habari za afya hilo si geni sana. Madaktari wanaoruka wa AMREF, walioanza kazi mwaka 1957, waliitwa kwa redio na hospitali za misheni zilizokuwa mbali na simu.

Lakini mimi sikwenda Kigamboni kutafuta habari. Nilimpeleka mtoto.

Mpwa wangu ana miaka 12 na ana kigugumizi. Kilimwanza akiwa na miaka minne. Majirani walikuwa na maelezo yao: alitekenywa sana akiwa mchanga, alishtuliwa na mbwa, ana woga. Wataalamu wa usemi niliowahi kuwahoji kazini hukataa yote matatu. Wanasema kigugumizi kinahusiana na namna ubongo unavyoratibu usemi, na mara nyingi hufuata ukoo. Marehemu babu yetu alikuwa nacho. Takriban mtoto mmoja kati ya 20 hupitia kipindi cha kigugumizi, hasa kati ya miaka miwili na mitano, na wengi hukiacha bila dawa yoyote. Wanaobaki nacho ukubwani ni kama mtu mmoja kati ya 100, wanaume wakiwa wengi zaidi.

Kwa mpwa wangu hakikuondoka, na mwaka jana alipoingia darasa la sita alianza kunyamaza. Mwalimu mmoja alimwambia akae chini, atajibu akiwa tayari, na tangu siku hiyo hakunyoosha mkono tena. Dukani alikwenda na karatasi iliyoandikwa. Dada yangu alishangaa kuona anachelewa kurudi nyumbani, viatu vimejaa vumbi, wakati nauli alipewa. Alipombana, mtoto alisema ukweli. Kwenye daladala neno "shusha" halitoki kwa wakati. Anapitishwa kituo, anateremka wanakoteremka wengine, kisha anarudi kwa miguu.

Dada alianza kutafuta shule nyingine. Mimi nilikuwa na hofu ya ziada, kwamba mtoto huyu anajifunza kupanga maisha yake yote kwa kukwepa maneno.

Mzee wa Kigamboni alifanya kazi na baba yetu bandarini. Sikukuu ya Idd alipokuja kutusalimia alikuwa na redio ndogo kiunoni, na mtoto hakuiondolea macho. Mzee hakumuuliza jina wala darasa. Alimpa tu aishike.

Redio za aina hii zina kitufe. Ukikibonyeza unaongea, ukikiachia unasikiliza, na huwezi kufanya yote mawili kwa pamoja. Mwenye kitufe ndiye mwenye zamu, na wengine wanangoja mpaka aseme "ova". Hata mtu akitaka kumkatiza, yeye hamsikii, maana redio yake haipokei akiwa anaongea. Nimekaa kwenye vikao vingi vya kazi na vya ukoo, sijaona kikao kingine chenye sheria hiyo.

Hewani kuna desturi nyingine iliyomfaa. Wengi wenye kigugumizi hukwama zaidi kwenye jina lao wenyewe, kwa sababu ni neno ambalo huwezi kulibadilisha na jingine lililo rahisi. Redioni kila mtu hulivunja jina lake vipande ili lisikike vizuri, herufi kwa herufi: A ni Alfa, B ni Bravo, C ni Charlie. Na sauti ikimezwa na mikwaruzo, mtu anaombwa arudie. Nimemsikia Mzee mwenyewe, na uzoefu wake wote wa baharini, akiambiwa "rudia" mara nne mfululizo, naye akarudia bila kununa.

Miezi mitatu ya kwanza mpwa wangu alishika antena tu. Alisaka mbweha, alilehemu, alikula, hakugusa kitufe. Hakuna aliyemsukuma.

Wikendi ya tatu ya Oktoba skauti wa dunia nzima hukutana hewani, utaratibu uliopo tangu miaka ya 1950. Klabu ilikaribisha skauti wa shule jirani, watoto kama 30 na mashati yao ya kaki. Chini ya minazi ulivutwa waya wa shaba wa mita 10 hivi, redio ikaunganishwa na betri ya gari. Nguvu yake ilikuwa wati 100, sawa na balbu moja ya zamani. Mwalimu wa fizikia aliwaeleza watoto kwamba mawimbi yale hupanda mpaka tabaka la juu la anga ambalo miale ya jua hulitia chaji ya umeme, kisha hupinda na kurudi ardhini mbali kabisa. Watoto walitikisa vichwa kwa adabu. Walichotaka ni kumsikia mtu.

Saa kumi jioni mtu alijibu kutoka Muscat. Alianza kwa Kiingereza, na aliposikia jina linaloanza na 5H akabadilisha lugha. "Dar es Salaam hamjambo? Mama yangu amezaliwa Unguja." Uwanja mzima ulilipuka kwa kelele. Skauti sita waliongea naye, mmoja mmoja, Mzee akiwa kando yao kwa kuwa leseni ni yake. Kisha Mzee akageuza kichwa, akamtazama mpwa wangu, akasogeza kiti.

Mtoto akakaa. Akabonyeza kitufe.

"Shikamoo" ilitoka. Jina halikutoka. Alikwama kwenye Bravo, midomo imefungana, shingo imekaza. Nilihesabu moyoni hadi sita. Dada yangu alikuwa kwenye mlango wa jiko na mwiko mkononi, amesimama kama mtu aliyesikia hodi usiku. Skauti mmoja alifungua mdomo, mwenzake akamgusa kiwiko. Mzee alikuwa anatazama minazi. Kisha Bravo ikatoka, na herufi nyingine zikaifuata, moja moja, nyingine kwa tabu. "Ova."

"Marahaba mwanangu," sauti ya Muscat ikarudi. "Jina nimelipata lote. Niulize swali."

Alifikiri kidogo. "Hu-hu-huko mna maembe? Ova."

"Tunayo, lakini usimwambie mtu, ya kwenu matamu zaidi."

Waliongea dakika tatu hivi, kuhusu maembe, joto, na samaki anayeitwa nguru, ambaye kumbe kote kuwili anapendwa. Mara mbili mtu wa Muscat aliomba arudie, kwa sababu ya mikwaruzo. Mtoto alirudia. Dada alirudi jikoni bila kusema neno, na wali siku hiyo uliungua kidogo.

Nisieleweke vibaya. Klabu haikumponya. Kigugumizi anacho mpaka leo, siku nyingine kingi, siku nyingine kidogo. Kilichobadilika ni kwamba anaongea nacho. Yuko darasa la saba katika shule ileile. Kwenye daladala hugonga bodi kwanza, halafu neno linamfuata likiwa tayari. Mwalimu wake mpya ameombwa ampe muda, na anampa.

Mzazi mwenye mtoto kama huyu hahitaji kununua redio. Mambo ambayo wataalamu hushauri ni yaleyale ambayo kitufe kile humlazimisha mtu kuyafanya. Usimmalizie neno, hata kama unalijua. Usimwambie "tulia", "vuta pumzi" au "anza upya", kwa sababu anachosikia ni kwamba amekosea. Mtazame usoni kama unavyomtazama mtoto mwingine, na sikiliza anachosema kuliko anavyokisema. Ongea naye taratibu wewe mwenyewe. Mpe dakika chache kila siku ambazo ndugu zake hawaruhusiwi kumdakia. Na kama kigugumizi kimepita miezi sita, au umeona ameanza kukwepa kuongea, mpeleke hospitali na uulizie mtaalamu wa tiba ya usemi. Ni wachache nchini, kwa hiyo huenda ukahitaji rufaa na subira, lakini usingoje akue aache.

Oktoba 22 ni siku ya kimataifa ya kuelimishana kuhusu kigugumizi. Huangukia karibu kabisa na ile wikendi ya skauti, jambo ambalo Mzee hakulijua mpaka nilipomwambia. Alisema vizuri, mwaka huu pilau iwe nyingi.

Nyumbani kwa dada siku hizi mtoto wa mwisho, wa miaka mitano, akitaka kumdakia kaka yake mezani huambiwa, "Hajasema ova." Hununa, lakini hungoja. Na yeye akipata zamu huongea mpaka chakula kinapoa, kisha anakataa kusema ova.

Jumapili hii mpwa wangu ataita orodha ya klabu kwa mara ya kwanza, Mzee akiwa pembeni yake. Majina ni 17, yote ya herufi na tarakimu, na mawili yana B. Kwa kawaida orodha huisha kwa dakika kumi. Ya kwake tumeitengea nusu saa, na dada ameshasema siku hiyo tutakula mapema.